Sahani Hairudi Tupu, na Mengine Mnayonichosha Nayo

Jana baada ya magharibi nimeingia jikoni nikaikuta sahani ya Bi Mkubwa wa jirani imeoshwa, imepanguswa, inang'aa, na mmoja wenu anatafuta ndara aende kuirudisha. Tupu. Nimemnyang'anya mlangoni kama askari wa forodha. Leo asubuhi ananikwepa, anadhani nimemkasirikia. Wala. Nimeuona uso wangu wa miaka 6 iliyopita, na ule uso siupendi.

Basi wadogo zangu wa misheni, mliotoka Kitale, Machakos na Kisumu mkashuka bandari ya Malindi hapa Unguja na mabegi mazito kuliko nyinyi, kaeni. Nimeweka namba ili asije mtu akasema hakuelewa.

1. Kiswahili chenu hakitoshi. Najua, mlipata A kwenye KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari kwetu Kenya. Hata mimi. Ndiyo shida yenyewe. Wenzetu wanaotoka Ulaya wanafika hapa hawajui hata neno, wanagugumia, watu wanacheka nao na kuwasamehe. Sisi tunashuka botini tunakijua, kwa hiyo kosa letu halionekani kosa, linaonekana ujeuri. Ukisimama dukani ukasema "nipe boflo mbili" umeamrisha. Sema "naomba", na kabla ya kuomba amkia. Tena amkia mpaka mwisho: ameamkaje, watu wa nyumbani hawajambo, habari za tangu jana. Mmoja wenu juzi aliwapita wazee barazani akawarushia "niaje wazee". Wazee waliitikia kwa heshima zao zote, mimi ndiye niliyetamani ardhi ipasuke. Hapa nyanya ni tungule na viazi ni mbatata. Ukikosea pale sokoni Darajani utaeleweka, ila bei itapanda mbele ya macho yako.

Na msiseme lugha ni kazi ya walimu. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu, alifika Unguja 1864, na kufikia 1870 alikwishachapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa, pamoja na kitabu cha kujifunzia lugha yao. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa baadaye, 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa pale. Kwanza alisikiliza hadithi za sungura. Nyinyi wiki ya pili mnaniuliza lini mtahubiri.

2. Wiki ya kwanza mpelekeeni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, barua ya utambulisho. Msingoje awafuate yeye.

3. Sahani. Hapa nitakaa kidogo.

Ramadhani yangu ya kwanza mimi na mwenzangu tulipanga chumba Ng'ambo, nyuma ya maghorofa ya Michenzani. Ukuta wa pili alikaa bibi mmoja mjane, anashona kofia barazani kwake mchana kutwa. Siku ya mosi ya mfungo, adhana ya magharibi haijamalizika, mjukuu wake akatokea na sahani ya maua mekundu, imefunikwa kawa. Nikafunua: muhogo wa nazi, majimbi, kipande cha samaki aina ya changu, na pembeni mkate wa kumimina bado una moto.

"Bibi kasema mfuturu."

Nikamwambia sisi hatufungi. Mtoto akanitazama kama niliyemwambia hatupumui. "Kasema mfuturu," akarudia, akaenda zake.

Ikawa kila siku. Na kila siku, mimi mtoto wa mama mwenye adabu, nikaiosha sahani, nikaikausha, nikamkabidhi mjukuu pamoja na asante nyingi. Naye kila mara alifunua kawa, akachungulia ndani, akafunika. Nilidhani anakagua kama nimeosha vizuri.

Siku ya tano mwenzangu akarudi sokoni na habari: sahani ya jirani hairudi tupu. Lazima iwe na kitu, japo kidogo. Hapo, jamani, badala ya kuona aibu nikafurahi. Niliwaza kimisheni. Nikasema huu ndio mlango! Chini ya kitanda tulikuwa na boksi la vijitabu, vile vyenye jua linalochomoza kwenye jalada, mnavijua. Nikachukua viwili visivyokunjika pembe, nikavipanga katikati ya sahani juu ya kitambaa cheupe, nikafunika kawa. Nikaviombea. Mtoto akachungulia kama kawaida yake, safari hii akachungulia mara mbili, akaondoka.

Usiku ule nikajaza ripoti ya mwezi. Kwenye mstari wa "nyumba zilizofikiwa" nikaandika 1. Mratibu akanijibu kwa mstari mmoja wa pongezi, ambao niliusoma mpaka nikaukariri.

Kesho yake chakula kilikuja. Nataka mlishike hilo: kilikuja. Muhogo ule ule, nazi ile ile, na samaki nadhani alizidi ukubwa. Ila sahani ya maua haikuja. Kilikuja ndani ya kopo kuukuu la Blue Band.

"Bibi kasema kopo msirudishe."

Mfungo mzima uliobaki tulikula kwenye makopo. La Blue Band, la aiskrimu, moja lilikuwa la biskuti na kutu kwenye ukingo. Hakukosa hata siku moja, na hakusema hata neno moja. Nikipita barazani ananiita mwanangu, ananiuliza habari za mama yangu, sindano inaendelea. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Ningesema imani, ningesema wito, maneno tunayo. Lakini utajitetea vipi mbele ya kopo la muhogo?

Asubuhi ya Idi mjukuu akaja na kanzu mpya na visheti vimefungwa kwenye karatasi. Mkono wa pili alishika vile vijitabu viwili, havijakunjwa, havina hata tone la mafuta. "Bibi kasema mlisahau karatasi zenu kwenye sahani."

Sikula visheti. Mwenzangu alivila vyote, na sikumlaumu.

Ilinichukua hadi Krismasi. Nikakanda chapati, kitu pekee ambacho mkono wangu unakijua, nikampelekea kumi kwenye sahani yetu ya bati, bila karatasi, bila aya, bila nia ya pembeni. Akapokea kwa mikono miwili. Jioni sahani ikarudi na maembe boribo mawili. Niliyaweka dirishani siku tatu nikiyaangalia, mpaka moja likaanza kuoza ndipo nikala.

Mnaweka nini? Mayai, sukari, ndizi mbivu, hata kiganja cha mchele. Mnapenda kuuliza maswali mepesi mkishaniumiza.

4. Nilitaka kuandika juu ya mavazi lakini mnajua: kaptula ni za ndani, dada zetu wavae kanga na mtandio. Mchana wa Ramadhani usinywe hata maji barabarani wala kwenye daladala. Watu hukamatwa kwa kula hadharani, na mimi sitakuja kituoni. Msifuge mbwa. Msimtembelee mtu magharibi. Hodi ni mara tatu, usipoitikiwa geuka. Yule wa Machakos aligonga mara tisa, na ndani alikuwamo mama peke yake na mwanawe mchanga. Baba mwenye nyumba alipokuja kwangu usiku hakufoka. Aliniuliza tu kama kijana wangu ana matatizo ya masikio.

5. Kahawa ya Jaws Corner, ile baraza ya Mji Mkongwe, ni chungu na siasa zake ni chungu zaidi. Kunywa, tafuna kashata, sikiliza. Wewe si mpiga kura.

6. Ripoti. Ule mstari wa "nyumba zilizofikiwa" bado umo kwenye fomu, nimeuandikia barua mara tatu haujaondoka. Mimi huandika nyumba tulizofikiwa nazo. Mwezi uliopita zilikuwa nne. Mratibu hajauliza, na siku akiuliza nitampeleka Mkunazini nimwoneshe zile nguzo za nyuma zilizosimama kichwa chini, ambazo inasemekana mafundi waliziweka wakati askofu Steere yuko safarini. Ziko hadi leo, wageni wanalipa kuingia kuzitazama, na paa halijaanguka.

Sasa, sahani ya jana iko juu ya kabati. Mayai yamo kapuni. Weka sita, pangusa yenye kinyesi. Piga hodi, ungoje, ukikaribishwa vua ndara. Akikuuliza habari za mama yako mjibu kwa kirefu, maana kesho atauliza tena na atakumbuka ulichosema. Na nyinyi wawili mnaocheka, leo zamu ya kuchota maji ni ya nani? Ndoo zi tupu tangu asubuhi.