Barua kwa mwanangu: Kuhusu lumbesa na mtaji wako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena pamoja na baba yako. Unasema mzigo wako wa kwanza wa viazi kutoka huku Njombe haukukulipa, kwa sababu ulinunua kwa kilo, na wenzako walionunua kwa lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa kupita kipimo, wakauza Dar kwa bei ambayo wewe usingeiweza. Halafu ukaniuliza: "Mama, si bora na mimi nifunge lumbesa misimu miwili mitatu, nikishapata mtaji ndipo ninyooke?"

Kabla sijajibu, ujue kwamba mimi nina upande. Viazi vinavyoshindiliwa ni vyangu.

Tuanze na hesabu, maana nikikupa maadili matupu utaniitikia "sawa mama" kisha uendelee na yako. Gunia la mazao kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100. La lumbesa, tuseme, lina kilo 130. Mkulima analipwa gunia moja, halmashauri inachukua ushuru wa gunia moja, kuli analipwa gunia moja, na mwenye lori akitoza kwa gunia naye anahesabu moja. Kwa mzigo wa kilo 3,900 wewe ulipakia magunia 39, mwenzako 30. Hayo tisa ndiyo yaliyokuangusha. Kwa hiyo usijione hujui biashara. Ulilipa gharama zako zote. Mwenzako zake kawabebesha watu: kilo 30 kila gunia kanibebesha mimi, na uzito wote umeuelemea mgongo wa yule kijana anayepandisha mzigo kwenye lori.

Umekaa mjini, labda umesahau linavyofungwa. Kijana wa mnunuzi anajaza gunia mpaka mdomoni, analitikisa, analikandamiza kwa goti, anajaza tena. Kisha anasuka kamba juu yake, anapanga viazi vingine mpaka kilemba kinasimama, ndipo anatoa shazia na kushona. Mwenye shamba yuko pembeni anatazama. Anajua kabisa anapunjwa. Lakini viazi vimeshachimbwa, vikipigwa na jua vitageuka kijani, lori linaunguruma barabarani, na mtoto anadai sare ya shule. Akisema "haya, funga," mnunuzi anaondoka akijiambia kwamba wamekubaliana.

Sasa hilo la kusubiri mtaji. Nimewaona waliosema hivyo, wengine unawajua kwa majina. Hawakuwa wabaya, na nadhani walimaanisha. Ila biashara yao ilijengwa juu ya zile kilo 30. Bei waliyomzoesha mteja wa Dar imetoka humo, rejesho la mkopo limepigiwa hesabu humo, hata idadi ya safari kwa mwezi. Siku mmoja wao akitaka kufunga gunia la haki inabidi apandishe bei kwa wateja wote kwa mpigo, na anayo familia, wafanyakazi na deni ambavyo wewe leo huna. Aliyesimama kwa lumbesa anaihitaji kuliko anayeanza. Kama kuna wakati kunyooka ni rahisi kwako, ni sasa hivi, ukiwa bado mdogo. Najua hujisikii hivyo. Ulipokuwa hapa nyumbani uaminifu haukukugharimu kitu kwa sababu hukuwa unalipa kodi ya nyumba.

Sikuambii ufe njaa. Faida si dhambi, na sikukusomesha uje kuwa mfadhili wa wakulima. Nikikutajia bei kubwa, nishushe mpaka tuchoke wote wawili. Mahali unaponunulia usimwambie mtu. Viazi vikiwa vingi na bei iko chini, nunua, wala usijione mnyonyaji. Ukikuta nimechanganya vidogo na vilivyokatwa na jembe katikati ya gunia, vimwage vyote chini mbele ya watu. Sisi wakulima nasi si malaika, na baadhi ya majirani zetu wana ufundi mkubwa wa kuficha. Hayo yote ni kujitafutia, na mtu mzima lazima ajitafutie. Mimi naangalia kitu kimoja tu: je, ninayefanya naye biashara anaona anachotoa, na anaweza kukataa? Penye mizani anaona. Penye kilemba anaona pia, ila hana pa kukataa.

Jambo la kufanya ni kutafuta lori linalotoza kwa tani, hata kama itabidi mchange watu watatu. Hapo pengo kati yako na wenzako linapungua, unabaki na bei ya mkulima, ushuru na kuli. Tafuta pia wanunuzi ambao wenyewe wanapima, kama hoteli na shule za bweni, badala ya kugombania wateja wale wale sokoni. Pengo litakalobaki huenda usilizibe kamwe. Kuna misimu utapata kidogo kuliko wenzako, utawaona wanapaua nyumba wewe ukiwa bado umepanga, na hakuna anayekuja kukupongeza kwa hilo. Mchungaji atakusomea Mithali sura ya 11, na jirani yetu wa dukani atakutajia Suratul Mutaffifin. Dini zote mbili zimeona mizani ni jambo kubwa, ila kwenye mkutano wa kijiji sijawahi kusikia likijadiliwa. Huko tunaishia kuzungumzia barabara.

Baba yako hakubaliani nami kwa yote. Anasema mimi sijawahi kukaa Dar bila hela, na kwa hilo amesema kweli. Mpigie umsikie mwenyewe.

Viazi vya vinyungu, vile vya bustani za bondeni, vitakuwa tayari mwezi wa kumi. Ukija, njoo na mizani yako. Bei tutaizungumza ukifika, na usitegemee nitakupunguzia kwa sababu nimekuzaa.

Mama yako