Logi inaandikwa lakini skrini iko kimya

SWALI: Habari zenu, naomba msaada jamani. Nafuatilia logi ya seva kwa `tail -f app.log | grep ERROR` na mistari inatokea hapo hapo, ila nikiongeza `| cut -c1-80` mwishoni ili iwe mifupi, skrini inakaa kimya hata nusu saa halafu yote inamwagika kwa mkupuo. Jamaa wa ofisini anasema paipu ya Linux (ile alama ya `|`) ndo inasubiri ijae, ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu, paipu mnaisingizia. Kwenye Linux kwa kawaida inabeba baiti 65,536 lakini haisubiri ijae, kikiingia kitu tu upande wa pili unakisoma saa hiyo hiyo. Anayeshikilia mzigo ni grep. Programu nyingi za C zinaandika kupitia stdio (sehemu ya maktaba ya C ya kusoma na kuandika), na stdio inaangalia kwanza inaandikia wapi, ikiona terminali inatoa mstari kwa mstari, ikiona paipu inakusanya kwenye bafa (akiba ya muda kwenye kumbukumbu), kwa glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, mara nyingi baiti 4096, ndo itoe. Grep ikiwa mwishoni inaongea na terminali, ukiweka cut inaongea na paipu, basi. Mistari ya baiti mia mia unasubiri kama 40 hivi ndo uone wa kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni Ctrl-C, maana ukiibonyeza grep inakufa na vyote vilivyokuwa kwenye bafa, mtu anaondoka akijua seva ni nzima kumbe makosa yalikuwepo.

Andika `grep --line-buffered ERROR`. Tail usiiguse, ukiipa -f inatoa yenyewe, na cut iko mwishoni haina shida. Siku ukiweka kitu kingine baada ya cut, yenyewe haina swichi ya hivyo so tumia `stdbuf -oL cut -c1-80`, stdbuf inabadilisha bafa ya stdio kwa niaba yake. Sed ina `-u`. Python haisikii stdbuf kabisa, hiyo ipe `python3 -u`. Ila faili kubwa ambalo limeshaisha kuandikwa liache na bafa yake, ukilazimisha mstari mmoja mmoja unaipa keneli (kiini cha Linux) kazi bure na utaona inavyochelewa.

Awk weka `fflush()`, inayomwaga bafa hapo hapo, baada ya print, lakini kwenye Debian na Ubuntu awk mara nyingi ni mawk, ambayo inakusanya hata inachosoma, hapo fflush pekee haitoshi, andika `mawk -W interactive`.