Umewahoji waliofika kituoni. Wasiofika je?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu naufanya Jiji la Arusha, kuhusu vijana wa kazi zisizo rasmi (bodaboda, wamachinga, wabeba mizigo sokoni) na jinsi wanavyopata huduma za afya karibu na kazi zao. Nimehoji vijana 120 kwenye vituo viwili vya afya, na tisa kati ya kila kumi wamesema huduma zinapatikana. Msimamizi wangu amezikataa takwimu, anasema sampuli ina upendeleo. Pia nimeambiwa nifikishe watu 384. Nikiongeza 264 palepale vituoni, tatizo litakuwa limekwisha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Halitakwisha, hata ukifikisha watu 1,000. Wote uliowahoji wameshafika kituoni: walipata nauli, walipata nafasi, na mwenye pikipiki hakuwazuia. Ukimuuliza aliyekwisha kuvuka mto kama mto unavukika, atakujibu unavukika. Wewe unawatafuta waliobaki ng'ambo.

Jambo hili lilinigusa siku tulipokuwa tunahoji bodaboda Mbuyuni, hapa Moshi. Kijana mmoja alikuwa amejifunga kitambaa kwenye shavu la mguu. Bomba la moshi la pikipiki lilimuunguza siku tisa kabla, na kidonda kilishaanza kutoa usaha. Alikuwa amenunua vidonge vya amoksilini vya siku mbili dukani, akavimaliza, akarudi barabarani. Kituo cha afya hakikuwa mbali na kijiwe chake. Nilipomuuliza mbona hakwenda, alinijibu kwa upole: "Mama, nikikaa foleni mpaka saa saba, hesabu ya bosi naitoa wapi?" Nikarudi kwenye hojaji yake. Swali la "Je, huduma za afya zinapatikana karibu nawe?" alikuwa ameshajibu Ndiyo. Na hakudanganya, kituo anakiona kila siku.

Kwa hiyo una makosa mawili, na la pili msimamizi wako hajakutajia: swali lenyewe, "huduma zinapatikana?", kama letu la Mbuyuni. Mwaka 1981 Penchansky na Thomas walieleza kwamba upatikanaji una sura tano: huduma kuwepo, kufikika kwa umbali, ratiba na utaratibu kuendana na maisha ya mgonjwa, gharama kubebeka, na mgonjwa kuikubali huduma na watoaji wake. Swali lako linagusa mbili za kwanza tu. Kijana wa Mbuyuni alikwama kwenye ya tatu. Kliniki nyingi za wagonjwa wa nje hufuata saa za serikali, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na hizo ndizo saa anazotafuta hesabu.

Acha kuuliza maoni, uliza tukio. Katika wiki 4 zilizopita uliumwa au uliumia? Ulifanya nini kwanza? Ulikwenda wapi, saa ngapi, ulitoka saa ngapi? Siku hiyo uliingiza shilingi ngapi, na siku ya kawaida unaingiza ngapi? Hapo utaona gharama ambayo haimo kwenye risiti ya kituo. Kwenye bima, usiishie "unayo au huna". CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa ikiuzwa kwa kaya, watu hadi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kijana aliyetoka Rombo akapanga chumba Ngarenaro yuko kwenye kaya ipi? Muulize kadi ni ya nani na iko wapi.

Sasa sampuli. Hawa hawana orodha ya majina, lakini wana mahali. Zunguka na wenyeviti wa vijiwe na viongozi wa masoko, Kilombero, Stendi Ndogo, Unga Limited na kwingineko, uandike kila kijiwe pamoja na siku na saa ambazo watu wapo. Halafu fanya bahati nasibu ya kijiwe pamoja na muda wake, mathalani "Kilombero, Jumanne, saa 12 hadi saa 2 asubuhi". Ukifika, hesabu waliopo na uchukue kila wa tatu au wa nne. Usichukue wanaokufuata wenyewe; mara nyingi ni wachangamfu au wenye shida wanayotaka kuieleza. Kila mmoja umuulize: katika siku 7 zilizopita, ulikuwa hapa siku ngapi? Aliyekuwepo siku 6 alikuwa na nafasi kubwa ya kukutana nawe kuliko wa siku 2, kwa hiyo kwenye uchambuzi mpe uzito wa moja gawanya kwa siku zake. Wanafunzi wengi hulisahau swali hili, na ukishaondoka kijiweni hulipati tena.

Kuhusu 384: namba hiyo inatokana na kukadiria uwiano wa asilimia 50, uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, kwa sampuli nasibu ya mtu mmoja mmoja. Watu wa kijiwe kimoja hufanana, wanatumia duka moja la dawa na kusikia habari zilezile za kituo kilekile. Tuseme ufanano huo, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.05 na unachukua watu 10 kila kijiwe: kizidishi cha sampuli ni 1 + (wenzake 9 × 0.05) = 1.45, na 384 mara 1.45 ni kama 557. Ukichukua watu 5 kila kijiwe, kizidishi kinashuka hadi 1.2 na unahitaji 461. Ongeza vijiwe, punguza watu kwa kila kijiwe. Nauli itapanda, lakini takwimu zitasimama.

Zile 120 usizitupe. Zinaeleza foleni na lugha ya watoa huduma kwa waliofika. Ziweke kwenye sura yake peke yake ya tasnifu, usizijumlishe na za vijiweni.

Kijiweni utakutana na wa miaka 16 na 17. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, lakini usiichukulie kuwa ni ruhusa ya kumhoji kwa utafiti. Waeleze wazi kamati ya maadili jinsi utakavyopata ridhaa ya mzazi na ya kijana mwenyewe. Kwa kuwa umebadili eneo na mbinu, rudi kwao na marekebisho kabla hujahoji mtu hata mmoja. Kwenye maombi hayo andika pia utafanya nini ukimkuta mgonjwa. Sisi hatukuwa tumeandika, na yule kijana tulimpeleka kituoni kwa pikipiki yake mwenyewe, mwenzangu akachanga hesabu ya siku ile.

Nitumie orodha ya vijiwe kabla hujaanza bahati nasibu, na kando ya kila kimoja andika saa wanayofika wa kwanza.