Paa la nyumba ya mzee limebonyea, Tabora

Mkuu kama paa limebonyea katikati na kuta zimeanza kuachia kwa nje huko juu, bati achana nalo kwanza, panda darini ucheki ile mbao ya chini ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) inayotoka ukuta hadi ukuta, nyumba za zamani unakuta kuna mtu aliikata apitishe kitu, ikishakatwa kenchi inatanua miguu na kusukuma ukuta. Chomachoma na bisibisi pale mbao inapokalia ukuta, ikizama ni mchwa hao au mbao imeoza (mninga unavumilia, paini isiyo na dawa hapana). Na fundi anayetaka kuweka nguzo ya kushikilia paa muulize itasimama wapi, kama juu ya mbao za dari mkatalie, ishuke mpaka ukuta wenye msingi. Kunyanyua paa ni jeki, taratibu sana.