Re: Kujaza uwanja si kuwa mgombea wa urais

Mkuu, umeuliza kwa nini mwanasiasa anayejaza viwanja na kutrendi kila wiki bado hahesabiwi kuwa mgombea wa kweli wa urais Kenya. Jibu ni hesabu ya kaunti. Kabla hata ya jina lake kuingia kwenye karatasi ya kura, katiba inamtaka apendekezwe na wapigakura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo ziwe zaidi ya nusu ya zote 47. Yaani 24. Kushinda raundi ya kwanza nako kunadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Ukipendwa nyumbani tu, utaishia kuwa mfalme wa nyumbani.

Ndiyo maana kwenye uchaguzi wa urais wa 2022 Ruto alimchukua Gachagua wa Nyeri kuwa mgombea mwenza, na Raila akamchukua Karua wa Kirinyaga. Wote wawili walikuwa wanawinda kura za eneo la Mlima Kenya, ziliko kaunti hizo. Ruto alishinda kwa tofauti ya kura 233,000 hivi, na Wajackoyah, mgombea mwingine aliyeahidi kuhalalisha bangi, pamoja na vituko vyake vyote, hakufika hata asilimia moja.

Halafu kuna mawakala, yaani watu wa mgombea wanaolinda kura zake kituoni, jambo ambalo watu hulidharau. Mwaka huo nilikuwa wakala kwenye kituo kimoja. Saa saba usiku, taa ya chemli, karani anainua kura moja moja tuione. Tuliotia saini fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, tulikuwa wa wagombea wawili tu. Huyo mtu wako ana watu wa kukesha kwenye vituo zaidi ya 46,000? Na chai yao atailipa nani?