Utando hauchuji nitrojeni, unapitisha hewa

Uliuliza kama ule utando wa kusafishia majitaka, unaosemwa kuwa hutumia umeme kidogo, ndio unaochuja nitrojeni. Hapana, hauchuji. Kazi yake ni kupitisha hewa: oksijeni inaingia ndani ya virija vyembamba, inapenya ukuta wake na kuwafikia bakteria walioganda upande wa nje, kama ule utelezi wa mawe ya ziwani. Walio karibu na utando hugeuza amonia ya majitaka, yenye nitrojeni ndani yake, kuwa nitrati. Wa nje zaidi, kusikofika oksijeni, huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ikaenda zake hewani.

Umeme unapungua kwa sababu hakuna kupuliza mapovu majini ili bakteria wapate oksijeni. Kwenye mitambo ya kawaida upulizaji hula karibu nusu ya umeme wote, na mapovu mengi hupasuka juu ya maji yakiwa bado na oksijeni yake. Nimesomea kazi hii.

Ila fosforasi, kirutubisho kingine cha majitaka, haiondoki vya kutosha kwa njia hiyo peke yake, huongezwa chumvi za chuma au alumini. Kwa hapa Kigoma mimi ningeanza na mabwawa ya majitaka: nitrojeni huipunguza kwa kiasi tu, lakini maji yakishuka kwa mteremko hayahitaji umeme, mradi tope litolewe kwa wakati.