Kabla Hujampa Fundi Visu Vyako Avikaze kwa Moto

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniuliza apeleke wapi visu vinne alivyovichonga mwenyewe ili vikazwe kwa moto, yaani vipashwe na kupozwa ghafla viwe vigumu, kwa kuwa nyumbani ana jiko la mkaa tu na anaogopa kuviharibu. Swali lake lilinitonesha kidonda, maana mwaka juzi nililiuliza mimi, na jibu nililopewa lilinigharimu visu sita.

Visu hivyo nilivikata kwa grenda kutoka kwenye springi ya lori niliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam, nikavipiga tupa kila jioni kwa miezi miwili. Nikavipeleka kwenye karakana moja kubwa inayokaza gia za mashine. Mpokeaji alivipima kwenye mizani, akanitajia bei kwa kilo na kuniambia nirudi Ijumaa. Hakuuliza ni chuma gani, nami kwa haya sikusema. Ijumaa nilikuta viwili vimepinda mithili ya mundu, na vinne vina nyufa nyembamba kama unywele zilizoanzia ukingoni. Walikuwa wamevizamisha ndani ya maji, na bado nililipa.

Springi nyingi za lori ni chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6 na kromu kidogo. Chuma hicho hupashwa hadi nyuzi 830 hivi za Selsiasi, kisha huchovywa katika mafuta yenye uvuguvugu, kwa sababu maji hukipoza kwa kasi ambayo bapa jembamba haliihimili. Kikishapoa hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili, la sivyo kisu kikianguka sakafuni kitavunjika kama kioo.

Fundi niliyempata baadaye, mzee mwenye tanuri dogo la umeme, hakunitajia bei kwanza.

“Kijana, chuma hiki umekitoa wapi?”

“Kwenye springi ya lori, mzee.”

“Kuna kipande kilichobaki?”

Kilikuwepo. Alikikaza, akakibana kwenye jiliwa, akakivunja kwa nyundo na kunionyesha palipovunjika: chembe laini za kijivu, kama majivu. Akasema kwamba ningeona chembe kubwa kama za chumvi ya mawe, basi moto ulizidi. Visu vyangu vipya vilipotoka kwake tupa iliteleza juu ya makali bila kung’ata, ishara kwamba chuma kimekaza, na sioni aibu kusema kwamba nilikaribia kulia.

Basi, ndugu zangu, ulizeni. Ulizeni joto linapimwa kwa kifaa gani, kwa maana anayekadiria kwa macho huenda akawa hodari wa majembe, lakini kisu chembamba hakimsamehe. Ulizeni kisu huchovywa katika nini. Asiyetaka kuulizwa mwacheni, hata kama bei yake ni nafuu. Na sisi wachongaji tuache kuona haya mbele ya watu tunaowalipa.

Nawe wa Morogoro, toboa matundu ya mpini kabla ya kuvipeleka, wala usivinoe. Acha ukingo uwe na unene wa karibu milimita moja. Ikiwa ni vya chuma kisichoshika kutu, jiko la mkaa lisahau kabisa, kwani huhitaji zaidi ya nyuzi 1,000. Na kile kipande kilichobaki usikitupe, nenda nacho.